Rekodi ya Mwisho Ikijirudia, Usiilaumu Printa

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kwamba ripoti yake ya COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inachapisha rekodi ya mwisho mara mbili. Siku tatu zimemwishia hapo, na mkubwa wake ameanza kumtazama kwa jicho baya. Nilipousoma ujumbe ule moyo ulinipiga, kwa sababu kosa hilo liliwahi kuniaibisha mbele za watu na hadi leo linaniuma.

Nilikuwa nimekabidhiwa programu ya kuchapisha orodha ya mishahara. Ilitoka safi, mistari imenyooka, ila mfanyakazi wa mwisho alitokea mara mbili na jumla kuu ikazidi kwa mshahara wake kamili. Mkuu wa kitengo aliisoma jumla hiyo kwa sauti kikaoni, kisha akaniuliza huyu mtu analipwa mara ngapi kwa mwezi. Nikajitetea kwamba data ni chafu. Niliporudi mezani nilifanya jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu: nilichukua nakala ya faili, nikafuta mstari wa mwisho, nikaendesha programu upya. Aliyekuwa wa pili kutoka mwisho akatokea mara mbili.

Data haikuwa na kosa lolote. Hata hivyo nilipoteza siku nyingine nzima nikihangaika na printa, maana kukubali kwamba kosa ni langu kulinishinda. Mwenzangu mmoja mkongwe alikuja akasimama nyuma yangu, hakugusa hata kibodi. Akasema, "Ipe faili tupu." Nikaipa. Ripoti ikatoka na mstari mmoja wa mtu asiyekuwepo, jina hakuna, mshahara sifuri.

Kitanzi changu, yaani amri zinazorudiwa mzunguko baada ya mzunguko, kilikuwa hivi, na cha msomaji wangu ni ndugu yake wa tumbo moja:

PERFORM UNTIL WS-MWISHO = "Y"
    READ FAILI-MISHAHARA INTO WS-MFANYAKAZI
        AT END MOVE "Y" TO WS-MWISHO
    END-READ
    PERFORM CHAPISHA-MSTARI
END-PERFORM

Chukua kalamu ukifuatilie. PERFORM UNTIL, amri ya kurudia hadi sharti litimie, hukagua sharti hilo kabla ya kuanza kila mzunguko. READ, amri ya kusoma rekodi, inapogonga mwisho wa faili, sehemu ya AT END inatekelezwa na WS-MWISHO inakuwa "Y", lakini mzunguko haukatiki hapo hapo. Unashuka hadi amri inayofuata, nayo ni ya kuchapisha. Na READ iliyokosa rekodi haihamishi chochote kwenda kwenye eneo lililotajwa baada ya INTO, kwa hiyo WS-MFANYAKAZI bado imembeba yule wa mwisho. Anachapishwa tena.

Dawa yake ni kusoma mara moja kabla ya kitanzi, halafu ndani uchapishe kwanza na usome mwishoni. Wapo wanaoweka uchapishaji chini ya NOT AT END, sehemu inayotekelezwa rekodi inapopatikana, na hawakosei. Mimi nashikilia usomaji wa kwanza nje, kwa sababu faili likiwa tupu programu haiingii ndani ya kitanzi kabisa.

Tangu aibu ile nimekuwa mtu wa kuitwa kwenye ripoti zilizoshindikana, na nasema hivyo kwa fahari. Hivi karibuni nililetewa programu ya zamani iliyoandikwa kabla ya kiwango cha COBOL cha 1985 kuleta END-READ, neno la kufunga amri ya READ, programu ambamo nukta ndiyo pekee inayofunga amri. Rekodi zote zilichapishwa sawasawa, ila chini idadi ilisoma 1. Nukta ya kufunga READ ilikuwepo, unaiona kwa macho, lakini ilikaa safu ya 73 ya mstari. Kompaila (programu inayotafsiri maandishi yetu kwa kompyuta) ya mpangilio wa zamani, urithi wa kadi za kutobolewa zenye safu 80, haisomi chochote baada ya safu ya 72. Kwa hiyo ADD 1 TO WS-IDADI iliyofuata ikamezwa ndani ya AT END, ikatekelezwa mara moja tu, faili lilipokwisha. Niliirudisha nukta nyuma kwa safu moja, nikaondoka.

Ndugu zangu, acheni kubahatisha! Nawaona vijana wanaobadilisha amri moja, wanaendesha, wanabadilisha nyingine, wanaendesha tena, mpaka jioni. Tangaza FILE STATUS, namba inayoeleza matokeo ya kila usomaji, kwenye SELECT, sentensi inayolitaja faili, na uionyeshe kwa DISPLAY baada ya kila READ. 00 maana yake umepata rekodi, 10 faili limekwisha, 46 umeng'ang'ania kusoma baada ya mwisho. Tengeneza faili la rekodi tatu, la rekodi moja, na tupu. Hasa tupu. Mtu ambaye hajajaribu faili tupu asiniambie programu yake inafanya kazi.

Na wewe uliyeniandikia, hamisha ile READ leo, kisha endesha na faili tupu kabla hujamwonyesha mkubwa wako. Vikitoka vichwa vya ripoti na jumla ya sifuri tu, bila mstari wowote katikati, mpelekee.