Kigogota haui mwembe wako

Weka manati chini kwanza, kaka. Umesema mwembe wako wa Kitogani unakauka tawi baada ya tawi, kila asubuhi kigogota anaugonga, na jirani kakwambia huyo ndiye anayeuua. Mimi nimekulia ukingoni mwa Jozani, shamba letu limepakana na msitu. Lawama hii naijua tangu utoto, na ndege huyu anaonewa.

Kigogota hupenda mti ulioanza kuugua. Ndege mwenyewe ni mdogo, na mbao mbichi ya mwembe mzima ingemchosha bure. Anachofuata ni mabuu ya mende wanaotoboa miti, na sisimizi waliojificha chini ya magamba. Kagua shina: ukiona unga wa mbao kwenye nyufa au umemwagika chini, basi adui yumo ndani, na huyo unayetaka kumpiga ndiye anayemla.

Hebu mtazame siku moja akiwa kazini. Hutua chini ya shina, akapanda kwa kurukaruka, vidole viwili mbele na viwili nyuma, mkia mgumu ameukandamiza kwenye gome asiteleze. Hugonga mara mbili tatu, akasita, akainamisha kichwa, kisha hupiga palepale mpaka gamba libanduke. Hapo ndipo ulimi unapotoka, mrefu ajabu. Mifupa inayoushika imezunguka nyuma ya fuvu. Zamani tukiambiwa fuvu lake lina kitu cha kupunguza kishindo. Utafiti uliotoka 2022, uliotumia video za kasi, umeonesha sivyo: kichwa kizima ni kigumu mithili ya nyundo, na kinachomwokoa ni udogo wa ubongo. Mimi hilo naliona lina akili zaidi, maana nyundo ya sponji itapigilia msumari gani?

Ile trrrrr ya haraka, mfululizo, si ya kula. Anatangaza kwamba hapa pana mwenyewe, au anamwita mwenzake, ndiyo maana huchagua tawi kavu linalovuma.

Tawi kavu hilohilo ndilo linalomfaa kwa kiota. Mara nyingi tundu huliweka upande wa chini wa tawi lililolala, mvua isiingie, na chini yake utaona vibanzi vyeupe vimetapakaa. Mume na mke hupokezana kuatamia. Usiku kwa kawaida anayeatamia ni dume. Makinda yakishaanguliwa huna haja ya kupanda: simama chini tu, utayasikia yakilia ndani ya mti bila kupumzika. Wakihama, kwezi huliwania tundu, kwa sababu yeye hawezi kuchonga lake. Ndani ya hifadhi miti mikavu ipo, lakini huku vijijini kila kikavu ni kuni, na kigogota hukosa pa kuzalia.

Sasa mwembe wako. Matawi yanayoendelea kufa yakate mpaka ufikie mbao nzima, uyachome siku hiyohiyo, usiyarundike shambani mabuu yakakamilisha kukua. Shina ukiligonga likatoa sauti ya uwazi, muite bwana shamba alitazame kabla hujapoteza pesa kununua dawa. Lile tawi kavu la zamani lililoelekea shamba, ambalo halitamwangukia mtu, liache.