Re: Kwenda peke yangu mji wa ufukweni, ni salama?
Dada, umeuliza kama ni salama kwenda peke yako mji wa ufukweni uliojaa watalii. Nenda, ila bahari iogope kuliko wezi. Ogelea kati ya bendera zenye rangi nyekundu na njano, maana hapo ndipo waokoaji wanapoangalia. Ikipandishwa nyekundu tupu, usiingie kabisa. Mkondo ukikuvuta kwenda ndani usishindane nao, utachoka bure. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Ukishindwa, elea, inua mkono, piga kelele. Pasipoti iache kwenye sefu hotelini, tembea na nakala. Simu usiifiche chini ya taulo, wezi wanapajua hapo. Na usiku, tafadhali, kinywaji ulichokiacha mezani usikirudie.