Jibu: Fukusi mweusi anayekata kingo za majani ya miche

Ndugu uliyeuliza kutoka Muheza ni fukusi gani (mdudu mgumu mwenye pua) anayekata majani, mdudu uliyemkuta kwenye miche yako ya michungwa, ambaye wachangiaji waliotangulia wamemwita fukusi wa mkonge, kwa maelezo yako namwona kuwa ni wa jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Systates, ambayo hunisumbua kila mwaka katika mikahawa yangu huku Amani.

Mtazame pua kwanza. Fukusi wa mkonge ana pua ndefu, nyembamba, iliyopinda kuelekea chini, na mabuu yake hutoboa kisiki cha mkonge. Systates ana pua fupi na pana, na vipapasio vyake, yaani pembe za kuhisia, huota karibu na ncha ya pua hiyo. Kipingili cha kwanza cha kila kipapasio ni kirefu sana, kiasi kwamba kikilazwa nyuma hulipita jicho, na baada yake kipapasio hujikunja ghafla. Kifua ni chembamba, mgongo umetuna, miguu ni mirefu. Usiitegemee sana rangi, kwa kuwa magamba ya kijivu yanayomfunika hufutika kadiri anavyozeeka.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha mabawa. Chukua fukusi aliyekufa, ujaribu kwa sindano kuyatenganisha mabawa magumu ya mgongoni: utakuta yameungana katikati, na chini yake hakuna mabawa ya kurukia. Kwa sababu hiyo hupanda mti kwa miguu, na utepe wenye gundi uliozungushwa shinani humzuia, mradi matawi yasiguse ardhi wala magugu. Ukiwa na lenzi, angalia pia taya: fukusi wengi wa pua pana hutoka kwenye hali ya bundo (hatua kati ya buu na mdudu mzima) wakiwa na kijino cha ziada, ambacho baadaye hukatika na kuacha kovu.

Mchana hujificha chini ya majani makavu, na mabuu yake huishi udongoni yakila mizizi, hivyo watu wengi huona kingo zilizoliwa kama meno ya msumeno wakawalaumu viwavi. Nenda usiku na tochi, utandike kitambaa cheupe chini ya mche kabla ya kuutikisa, kwani akiguswa tu hujiangusha na kujifanya amekufa.

Kutambua spishi hasa huhitaji hadubini, na mara nyingi kupasua dume ili kuona viungo vyake vya uzazi. Wahifadhi kadhaa katika spiriti, uandike mahali, tarehe na mmea uliowakuta, kisha umpelekee mtaalamu wa wadudu.