Jibu: Kondoo kakataa pacha mmoja

Mkuu wa Igunga, pole. Umesema kondoo kazaa mapacha alfajiri, mmoja ananyonya, mwingine anapigwa vichwa na mama yake. Usimlaumu mama bado. Kamshike kiwele kwanza. Kikiwa cha moto na kigumu, anakataa kwa sababu anaumia. Hapo mwite mtaalamu wa mifugo. Kama ni kizima, kamua kila chuchu mara mbili tatu. Mara nyingi huwa imeziba kwa kitu kama nta, kitoto kinahangaika bure.

Halafu mtie huyo mdogo kidole mdomoni. Ukikuta baridi, mpashe joto kwanza: mkaushe kwa gunia, mweke karibu na moto (si juu yake!). Ukimnywesha akiwa amelegea, maziwa yanaingia mapafuni. Usiku wa Tabora mwezi wa saba si wa mchezo.

Akichangamka, mpe dang'a, yale maziwa ya kwanza yenye kinga. Saa 2 za kwanza ndizo bora. Baada ya saa 24 utumbo hauchukui tena kinga. Mama akigoma kukamuliwa, hata la mbuzi aliyezaa karibuni linafaa.

Kitovu kichovye kwenye iodini. Mambo ya kupaka kinyesi achana nayo.

Wafungie wote watatu kwenye kizizi kidogo siku 2 au 3, umshike mama kitoto kinyonye, mpake mtoto maziwa ya mama mgongoni karibu na mkia, maana huko ndiko anakonusa. Wangu hapa Nzega alikubali siku ya pili, kwa shingo upande.

Kondo la nyuma limetoka? Zikipita saa 12 tangu azae bila kutoka, tuambie.