Ukurutu Haukai Chumba Kimoja

Mama husimulia kwamba nilipokuwa na miezi 4, mashavu yangu yalikuwa yakitoa majimaji mpaka shuka linagandana na uso. Nilikuwa najisugua kwenye godoro kwa sababu mikono ilikuwa bado haijajua kukuna. Mimi nakumbuka kuanzia miaka 7 hivi: mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ngozi imekuwa nene na ngumu, na usiku usioisha. Sasa nimevuka miaka 40. Magoti yametulia kabisa, ila vidole hupasuka na kope huwasha. Binti yangu wa miaka 3 ameurithi. Na baba yangu, ambaye maisha yake yote hakujua kuwashwa ni nini, ameanza akiwa na miaka 71.

Nyumbani kwetu, basi, ukurutu (wengine huuita pumu ya ngozi) tunao wa kila rika, na kila mmoja wetu anaumwa kivyake.

Kilichonisaidia kuuelewa ni kuacha kuuona kama uchafu au sumu ya damu. Ngozi yenye afya ni kama ukuta uliopigwa lipu vizuri: maji ya mwili hayatoki ovyo, na vumbi, sabuni na vijidudu haviingii ovyo. Ukuta wetu una nyufa. Mwaka 2006 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dundee, walionyesha kwamba baadhi yetu tunazaliwa na hitilafu katika jeni inayotengeneza protini iitwayo filagrini, mojawapo ya vitu vinavyoushika ukuta huo. Si wenye ukurutu wote wanayo, lakini niliposoma hayo nilimhurumia sana mama. Miaka ile aliambiwa hanisafishi vizuri, akawa ananisugua kwa sabuni mara tatu kwa siku. Sabuni ya kipande ina ualkali na ngozi inataka uasidi kidogo. Kila kunawishwa kulikuwa kunabomoa zaidi. Wala ukurutu hauambukizi, waliokuwa wanakataa kukaa karibu nami darasani hawakuwa na sababu.

Ndiyo maana kwangu mafuta huja kabla ya dawa. Maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, kisha unajikausha kwa kugusagusa na taulo bila kusugua, na unapaka mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Halafu kiasi. Mtu mzima aliyeenea ukurutu mwilini huhitaji kati ya gramu 250 na 500 za mafuta kwa wiki! Mimi kopo la gramu 100 lilikuwa linanichukua miezi miwili kulimaliza, na nilikuwa nikilalamika kwamba mafuta hayanisaidii. Kosa langu jingine lilikuwa kuacha kupaka mara ngozi inapokuwa laini.

Krimu za steroidi, yaani dawa za kupaka za kutuliza uvimbe na muwasho, nimezikosea pande zote mbili. Nilipewa dawa kali kwa ajili ya mikono, nikaona haraka yake, nikaipaka kwenye kope. Daktari alinikaripia, na haki yake: ngozi ya pale ni nyembamba mno, na dawa ile ikizoeleka karibu na jicho inaweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho. Kwa binti yangu nikaogopa kinyume chake. Nilimpaka kitone kimoja kisichotosha hata kiganja, wiki tatu zikapita tunahangaika. Kumbe kuna kipimo: dawa iliyokamuliwa kwenye kidole cha mtu mzima, kutoka nchani hadi mkunjo wa kwanza, ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Tulipaka hivyo, dawa laini aliyoandikiwa, ukatulia ndani ya siku chache, tukarudi kwenye mafuta peke yake.

Niliwahi pia kumkatisha mtoto maziwa na mayai bila kumuuliza mtu. Ngozi haikubadilika, uzito ndio uligoma kupanda. Wapo watoto ambao chakula huwachochea kweli, hasa wenye ukurutu mkali, lakini hilo lipimwe na mtaalamu.

Jambo ambalo picha nyingi hazikuonyeshi ni kwamba kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta rangi ya kijivu, kahawia iliyokolea au zambarau, na vipele vidogo vidogo kama ngozi iliyosisimka. Ukurutu ukitulia unaacha mabaka, meusi au meupe, yanayochukua miezi kufifia. Yaache yafifie. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali zisizotajwa, na hapo unanunua ugonjwa mwingine.

Kuna wakati wa kuacha ushauri wa watu kama mimi na kukimbilia hospitali. Ganda la rangi ya asali, usaha na maumivu maana yake bakteria wameingia. Vidonda vidogo vya duara vinavyofanana, vinauma, pamoja na homa, ni vya kukimbiziwa hospitali siku hiyohiyo, maana virusi vya malengelenge ya mdomoni huweza kusambaa vibaya kwenye ngozi yenye ukurutu. Mwenye malengelenge mdomoni asimbusu mtoto wetu, awe shangazi awe nani. Nimeshanuniwa kwa hilo.

Baba tulidhani ni urithi umechelewa. Daktari hakukubali haraka. Muwasho unaoanza uzeeni, alisema, unaweza kuwa upele ule wa vijidudu wanaochimba ngozi, au hata kutokana na dawa za presha, kwa hiyo alimkagua kwanza. Ikabainika ni ukavu: ngozi ya miundi imepasuka kama tope lililokauka. Mzee alikuwa anaoga maji ya moto sana kwa muda mrefu. Kupunguza moto alikubali. Kupakwa mafuta na mwanawe ndiko kulikotuchukua mwezi wa mabishano.

Mimi sasa vita yangu ni mikono. Navaa glavu za mpira kila ninapoosha vyombo, na ndani yake za pamba ili jasho lisinichome. Mafuta yako kando ya sinki, mezani, na karibu na mto. Pete ya ndoa naivua kabla ya kugusa maji, kwa sababu povu la sabuni hujificha chini yake, na ufa wangu mbaya kuliko yote ulianzia hapohapo.