Mashuka ya chumba chako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza, kwa kuwa umeshapata chumba hapo Dar na godoro la futi 5 kwa 6, ununue mashuka mapya ya pakiti yaliyoandikwa nyuzi 1,000, au uende soko la Karume kuchagua mitumba. Nenda Karume.

Hiyo namba isikubabaishe. Ni hesabu ya nyuzi katika inchi moja ya mraba, na shuka la pamba tupu lenye 200 hadi 400 linatosha kabisa. Kuna viwanda vinavyosokota nyuzi nyembamba kadhaa kuwa uzi mmoja, kisha vinahesabu kila kamoja, ndipo 1,000 inapatikana. Mwaka uliozaliwa nilinunua pakiti la zambarau, linang'aa, limesifiwa kweli. Kufua mara ya tatu tu likaota vinundu vinavyokwaruza kama msasa, na rangi ikachujia nguo zako za kichanga. Lilikuwa poliesta. Poliesta hainywi jasho, na joto la Dar unalijua.

Kwenye mitumba soma lebo. CO ni pamba, PES ni poliesta. Ya Ujerumani huandikwa Baumwolle, nayo ni pamba hiyo hiyo. Lebo ikiwa imekatwa, finyanga kitambaa kwenye ngumi kisha uachie: pamba hubaki na makunyanzi. Ukiwa bado na shaka, omba uzi mmoja wa pindo uuwashe kiberiti. Pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikaacha kitone kigumu.

Halafu liinue juani utazame katikati, pale kiuno kinapolala. Shuka huanza kuisha hapo, hata kama kingo bado nzima.

Nenda na futi ya fundi. Godoro lako lina upana wa inchi 60. Kama unene ni inchi 8, ongeza 8 kila upande, na 6 za kuchomekea kila upande: inchi 88. Pungufu ya hapo utaamka limejikusanya miguuni.

Usiende asubuhi belo linapofunguliwa, wala mwisho wa mwezi watu wakiwa na mshahara. Nenda katikati ya mwezi, saa kumi jioni, wauzaji wanapotaka kupunguza mzigo. Ulilolipenda usiliulizie bei kwanza, anza na la pembeni.

Ukifika nyumbani loweka kwenye maji ya moto sana na sabuni, anika juani, piga pasi, hasa kwenye mishono. Kunguni hupenda kujificha hapo, tafadhali usiruke hatua hii.

Ukikuta lililochakaa katikati lakini kingo zina nguvu, lichukue kwa bei ya chini unitumie kwa basi. Kingo zinatosha foronya mbili, nitakushonea mwenyewe. Nitajie tu vipimo vya mito yako.

Mama yako