Hendibreki iliyosahaulika: kipi kimeungua, kipi kimepona

Barua za hendibreki zimekuja nyingi safari hii, na nyingi zinaulizia jambo moja: gari limeendeshwa breki ya mkono ikiwa juu, sasa itakuwaje? Tumechagua nne. Mafundi wetu wanajibu.

SWALI: Kijana wangu alichukua gari, ni otomatiki, akaenda nalo kilomita kama 15 hendibreki ikiwa haijashushwa sawasawa. Alipofika, tairi za nyuma zilikuwa zinanuka kuungua na moshi mwembamba unatoka kwenye rimu. Tangu siku hiyo gari linakwenda kama kawaida na nikikanyaga breki linasimama vizuri. Je, niliache tu? Jirani anasema giaboksi nayo ndiyo basi tena.

JIBU: Mama, tuanze na jirani ili tumalizane naye. Giaboksi haikufa. Ilifanya kazi ya ziada, kiasi cha kupanda kilima kirefu, na kazi hiyo inaiweza. Otomatiki ndiyo iliyomficha kijana kosa: injini inasukuma tu, gari linaondoka bila kushtuka, na mguu unaongeza mafuta wenyewe. Gari la gia za mkono lingestuka au kuzima pale pale. Hapo jirani angekuwa na hoja, ila ya klachi.

La kumuuliza kijana ni mkono ulikuwa umevutwa meno mangapi, yaani ile milio ya "ka, ka" unayoisikia ukiuvuta. Ukivutwa mpaka juu, gari linakataa kabisa, au linainama nyuma likitaka kuondoka, na dereva anagundua kabla hajatoka getini. Kinachounguza ni yale meno mawili matatu yaliyobaki, mkono ukiwa umeshuka nusu. Tuseme breki inazuia kwa nguvu ya newton 300, ambayo ni uzito wa mzigo wa kilo 30 hivi. Dereva asiye mzoefu haioni. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nguvu hiyo inageuka joto la kilowati 5, nusu kila upande. Ni sawa na kuweka jiko la umeme la sahani moja ndani ya kila rimu ya nyuma na kuliacha linawaka kwa robo saa, maana kilomita 15 kwa mwendo huo ni dakika 15 kamili.

Joto hilo linaanza na breki shuu, vile vipande vinavyotanuka na kusugua ndani ya dramu (bakuli la chuma linalozunguka na tairi), au pedi, zinazobana sahani ya chuma, kama nyuma ni diski. Zile chembe za kusugulia zimeshikanishwa kwa gundi maalumu, na gundi ikipata joto kupita kiasi inapanda juu na kuganda. Uso unakuwa mgumu, unang'aa, hausugui tena. Breki inalia na kushika kidogo. Baada ya hapo joto linaingia kwenye chuma: dramu au diski inapata mabaka ya bluu, wakati mwingine nyufa ndogo ndogo. Likizidi linafika kwenye sili za mpira, grisi ya beringi, na mafuta ya breki.

Mafuta ya breki ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga pedali inazama, breki hakuna. Ya DOT 3 (daraja la mafuta, limeandikwa kwenye chupa) yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Maji yanaingia yenyewe kutoka hewani, hata gari likiwa limesimama, ndiyo maana mafuta hayo hubadilishwa kila miaka 2 hivi. Ubaya wake mwingine ni kwamba yakipoa pedali inarudi kuwa ngumu, na mtu anadhani hakuna kilichotokea.

Sasa turudi kwenye maneno yako, kwamba gari linasimama vizuri. Kazi kubwa ya kusimamisha gari inafanywa na breki za mbele. Ukikanyaga pedali na gari likasimama, waliotoa ushahidi ni wa mbele. Wa nyuma, walioungua, bado hawajasema. Kwa hiyo usiliache. Gari liende kwa fundi, afungue pande zote mbili za nyuma, si ule uliotoa moshi peke yake, na wewe simama hapo uone.

Pedi ikibaki chini ya milimita 3 ibadilishwe. Shuu, kikomo kwenye magari mengi madogo ni milimita 1 ya ile sehemu inayosugua, lakini kama dramu imeshafunguliwa na zimebaki 2, kuzirudisha ni kujitafutia kazi ya pili. Uso uking'aa kidogo tu, fundi anaweza kuukwaruza kwa msasa mpaka urudi kuwa mkavu usiong'aa. Ukiwa na nyufa, umemeguka pembeni, au umeanza kuachana na bati lake, hakuna msasa hapo: nunua seti, kushoto na kulia kwa pamoja. Dramu imeandikwa kipenyo cha juu kinachoruhusiwa, na diski imeandikwa unene wa chini. Vipimwe, visikadiriwe kwa macho. Aangalie kama kuna grisi au mafuta yaliyovuja ndani. Azungushe beringi kwa mkono asikie kama inakwaruza. Mafuta ya breki, kama hujui yalibadilishwa lini, yabadilishwe sasa na upepo utolewe.

Na asipulize vumbi la breki kwa kompresa. Shuu nyingine za zamani zina asbesto. Vumbi lilowanishwe kwa dawa ya kusafishia breki, kisha lifutwe.

SWALI: Ukigundua ukiwa njiani, unasimama hapo hapo au unaendelea?

JIBU: Shusha mkono kwanza, mpaka chini kabisa na taa izime. Halafu gusa pedali ya breki taratibu. Ikiwa ngumu kama siku zote, na hakuna moshi wala harufu kali, endelea polepole bila kukanyaga breki ovyo. Upepo wa mwendo unapooza vizuri kuliko kusimama. Pedali ikiwa laini, ikizama, au ukaona moshi, punguza mwendo kwa gia na usimame mahali salama, pasipo na majani makavu chini ya gari.

Ukisimama, usirudishe hendibreki. Hili watu hawalijui. Dramu yenye moto imetanuka. Ukiikaza shuu wakati huo, dramu inapoa, inasinyaa, na inazibana shuu kwa nguvu kuliko ulivyokusudia. Pedi nazo zinaweza kugandamana na diski. Weka P, au gia ya kwanza kama ni gia za mkono, na uzuie tairi kwa mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma.

Usimwagie maji. Chuma chenye moto kikipozwa ghafla kinapinda au kupasuka. Acha nusu saa mpaka saa nzima. Usichuchumae ukitazama rimu kwa karibu, maana tairi iliyopata joto inaweza kupasuka. Ukiona ndimi za moto, wote watoke garini na kukaa mbali. Kizimamoto cha unga kitumike mapema, moto ukiwa bado mdogo, na hata ukizimika gurudumu liangaliwe, kwa sababu chuma kikiwa bado na joto unawaka tena.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nashusha hendibreki, taa inazima, lakini gari bado zito na rimu ya nyuma kushoto inachoma. Nilimpelekea fundi mmoja akakaza kebo, ule waya wa hendibreki. Hali imekuwa mbaya zaidi.

JIBU: Marahaba, kijana. Lazima iwe mbaya. Aliyebanwa ameongezewa kamba.

Taa hiyo usiiamini kwa jambo hili. Inawashwa na swichi ndogo iliyo chini ya mkono wa hendibreki. Mkono ukishuka, swichi inaachia na taa inazima, basi. Kule kwenye gurudumu kebo imerudi au imekwama, taa haina habari. (Kwenye magari mengi taa hiyo hiyo inawaka pia mafuta ya breki yakipungua, kwa hiyo ikiwaka mkono ukiwa chini, fungua boneti utazame chupa yake kabla ya kusafiri.)

Tafuta mahali tambarare. Zuia tairi za mbele pande zote, weka nyutro, shusha hendibreki, nyanyua nyuma kwa jeki, kisha ukalishe gari juu ya stendi. Usiingize mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Zungusha kila tairi ya nyuma kwa mkono. Mkwaruzo mwepesi sana unaruhusiwa, lakini tairi lazima izunguke. Kama gari linasukumwa na tairi za nyuma, utasikia uzito kidogo wa difu (gia zinazounganisha tairi mbili za nyuma) na tairi ya pili itageuka kinyume; hiyo ni kawaida. Unachotafuta ni tofauti kati ya kushoto na kulia.

Kushoto ikigoma, legeza kebo ya upande huo pale inapoingilia kwenye gurudumu. Tairi ikiachia, mwizi ni kebo. Ganda lake la nje limepasuka mahali, maji yameingia, waya umeota kutu ndani. Inavutwa kwa nguvu za mkono wako lakini haina nguvu ya kurudi yenyewe. Kuidondoshea oili kunaifanya iteleze wiki chache, kisha inarudia. Ibadilishwe.

Tairi isipoachia hata kebo ikiwa imelegea, kabla hujafungua dramu jaribu kitu kimoja: fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo ya gurudumu hilo. Mafuta yakiruka na tairi ikaachia papo hapo, hendibreki umeisingizia. Kuna presha iliyonaswa, na mara nyingi ni mpira wa breki, lile bomba la kupitishia mafuta, uliovimba kwa ndani, unapitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Kama hata hapo haikuachia, ubovu uko ndani: springi ya kurudisha shuu imechoka au imekatika, shuu zimerekebishwa kubana mno, pistoni imekwama, au kama ni diski, kile kimkono kilicho nyuma ya kalipa (kifaa kinachobana pedi) hakirudi mpaka kwenye kituo chake. Kisukume kwa bisibisi: kikienda mbele na kubaki huko, kalipa inahitaji kufunguliwa.

Ukishatibu chanzo, ndipo urekebishe, na mpangilio wake ni huu: kebo ilegezwe kabisa, shuu zirekebishwe kwanza kwenye magurudumu, pedali ikanyagwe mara kadhaa zikae sawa, halafu kebo ikazwe mwisho. Mafundi wengi wanaanzia kebo kwa sababu nati yake iko karibu, na hapo ndipo gari linaanza kutembea na breki. Magari mengi ya mkono hushika vizuri kati ya meno 5 na 8. Kitabu cha gari lako ndicho kitakachotoa idadi kamili. Vuta jino moja moja huku mwenzako akizungusha tairi: mkono ukiwa chini ziwe huru, jino la pili au la tatu zianze kukwaruza zote mbili kwa pamoja, na mwisho zikwame.

Kisha endesha kilomita 5 hadi 10 ukikanyaga breki kidogo iwezekanavyo, mwishoni liache gari lisimame lenyewe. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Joto la kushoto na kulia lilingane. Mwenye kipimajoto cha miale atapata namba, lakini kiganja kinatosha kukuambia kama upande mmoja bado unachoma.

SWALI: Gari langu hendibreki ni ya kitufe. Je, naweza kusahau nikaendesha nayo? Na nikienda safari ya miezi miwili, niliache limefungwa?

JIBU: Kusahau ni vigumu, ingawa si muhali. Nyingi zinajiachia zenyewe ukiweka gia na kukanyaga mafuta, ila kwa masharti: mlango umefungwa na mkanda umevaliwa. Ukiwa unasogeza gari hatua chache bila mkanda, breki itabaki imeshika, na ukilazimisha kwa mafuta unaiunguza mwenyewe. Bonyeza kitufe huku umekanyaga pedali ya breki.

Tahadhari kubwa ni siku ya kubadilisha pedi za nyuma. Vimota vilivyopo kwenye kalipa lazima kwanza virudishwe nyuma kwa hali ya matengenezo, kupitia mashine ya uchunguzi au kwa hatua zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi akiibana pistoni kwa nguvu bila hilo, anavunja kimota. Hata zile za kebo, pistoni nyingi za nyuma hurudishwa kwa kuzungushwa na kifaa chake, si kwa kubanwa.

Kwa miezi miwili, hasa penye unyevu, usiache pedi zimebana. Kutu itazigandisha kwenye chuma. Liegeshe tambarare, weka P, zuia tairi mbele na nyuma, kisha achia breki kwa kitufe kabla ya kuzima, na uthibitishe kwenye dashibodi kwamba haijajifunga tena, maana baadhi ya magari hujifunga swichi inapozimwa. Ukirudi ukakuta limeganda, usikanyage mafuta kwa hasira. Lisogeze taratibu mbele na nyuma mara chache, mpaka usikie mlio mfupi wa kuachia. Lisipotoka, vua tairi na ugonge dramu au kitovu cha diski kwa nyundo ya mpira, kidogo kidogo kuzunguka, huku gari likiwa juu ya stendi.